Mahali Ziwa Linapokaa Kama Jembe

Jumanne, 4 Machi

Reli imegongwa nikiwa bado natoa majivu jikoni. Maji hayajachemka. Mbuzi hawajafunguliwa. Mama amesema kutoka uani kwamba tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa mzito kuliko nilipokuwa nasoma. Labda ni kweli. Shuleni kulikuwa na ratiba. Hapa kuna Mama.

Bibi alikuwa macho. Yeye huamka kabla ya reli, halafu anaisubiri. Ikigongwa anainamisha kichwa upande, kama mtu anayeitwa jina. Ni kipande tu cha chuma kinachoning'inia nje ya kigango chetu. Kilitoka Kampi, kule juu walikochimba shaba zamani. Leo amesema sauti hiyo ndiyo iliyokuwa inamwamsha baba yake aende shimoni. Reli ileile. Nimeisikia maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza ilikuwa inamwita nani kabla yetu.

Mvua tangu saa nne. Mihogo ya kuchemsha na chai.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Katekista ana kidole kizito. Amenipaka majivu hadi kwenye pua. Nimeona haya kuyafuta mbele ya watu, nikarudi hivyohivyo. Mama mdogo Eme amenicheka njia nzima. Anasema mimi hata mbuzi akinitazama sana nainama chini.

Jioni mume wake, Baba mdogo Deo, amekuja kula kwetu. Ni mtoto wa mwisho wa Bibi. Baba yuko Ngaka kwenye makaa ya mawe, anarudi mara chache, kwa hiyo mambo ya shamba tunamtegemea Baba mdogo. Amekuja na habari. Ukoo umemgawia Kampi, tambarare yote na mteremko wake. Ana haki. Watoto wanazidi kukua na shamba lake la kahawa halitoshi hata kugeuka. Ataanza kufyeka kesho kutwa. Nyasi zikauke, azipange miraba, wanawake wachimbe ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani, maharage yaingie ardhini kabla mvua haijachoka.

Mama alifurahi. Na mimi nilifurahi. Bibi aliacha kula.

Kisha akasema polepole, "Huyo mtoto asilimwe."

Tulitazamana. Hakuna aliyejua mtoto gani. Baba mdogo alidhani ni uzee, akamsogezea bakuli la dagaa wetu wa usipa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemuuliza. Imenichukua asubuhi nzima kupata ujasiri, na yeye ni Bibi yangu, ninayelala naye chumba kimoja.

Alikuwa na mdogo wake. Fidea. Alizaliwa Kampi, kama Bibi mwenyewe. Akapata homa kabla hajajua kutembea. Walimzika nyuma ya nyumba, upande wa jikoni. Kaburi la mtoto, dogo, bila saruji. Bibi alikuwa na umri wa kubeba mdoli wa gunzi. Anakumbuka kwamba alitaka kumwekea Fidea huo mdoli na mama yake akakataa, kisha akakubali.

Sikuwahi kumsikia Fidea. Baba hajawahi kumtaja. Nadhani Baba hajui. Mtu alikuwepo, akalia, akabebwa mgongoni, na leo anajulikana na mtu mmoja tu duniani. Sasa wawili.

Nimeshindwa kula mchana.

Ijumaa, 7 Machi

Njia ya Msalaba imefanyika barabarani, kwa mara ya kwanza Kwaresima hii. Bodaboda zilikuwa zinatupita katikati ya sala. Kituo cha tano kiko mbele ya duka la vocha. Zamani Njia yetu ilipanda Kampi. Mwaka jana misalaba ikahamishiwa huku kwenye barabara mpya ili wazee wasihangaike na mlima. Kila mtu aliona ni jambo jema. Baba mdogo ndiye aliyebeba mingi.

Bibi amekataa kwenda. Amekaa mlangoni na rozari yake. Niliporudi akanikalisha chini na kuniambia jambo ambalo sijui niliandike vipi.

Machimbo yalipofungwa, watu walitawanyika. Wengine Songea, wengine ng'ambo ya ziwa, wengine wakashuka pwani ya ziwa kuvua. Nyumba zikabomolewa, matofali yakachukuliwa. Akina mama waliozika watoto kule wakaogopa. Walijua ardhi haikai bure kwa Wamatengo. Itafyekwa, italimwa. Hawakuwa na karatasi wala sauti. Basi wakamwendea Padri na kumwomba Njia ya Msalaba ipite pale. Hawakumweleza sababu yote. Kila mama akaonyesha mahali pa msalaba mmoja. Kila msalaba ulisimama mlangoni kwa mtu. Wafu wasiokuwa na mtu wa kuwalilia walipewa vituo vilivyobaki, mlango wa mpishi, mlango wa fundi. Mama yake Bibi alichukua kituo cha saba, Yesu anaanguka mara ya pili.

Ndiyo maana hakuna aliyelima Kampi miaka yote hii. Hakuna aliyekatazwa. Mtu halimi penye msalaba, basi.

Halafu sisi tukaihamisha. Kwa wema. Tukawasaidia wazee magoti. Ardhi ikaonekana tupu, ikagawiwa.

Nimepiga magoti kwenye ule mji tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Kila Kwaresima. Nilikuwa nalalamika kimoyomoyo juu ya mawe. Zilikuwa nyumba. Nilikuwa napiga hodi bila kujua.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa nimeaga naenda kuni. Nimepanda Kampi peke yangu.

Nilikuwa napajua, lakini leo nimepaona. Gurudumu la chuma limelala kwenye korongo, kubwa kuliko mlango wa kanisa, mti umeota katikati ya njiti zake. Mdomo wa shimo umejaa udongo, umebaki upenyo wa popo. Kichuguu kirefu cha mchanga wa kijivu uliotolewa shimoni, ambacho hata nyasi zimekikataa, ila kimea kimoja chenye maua madogo ya zambarau. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na mawe yote yalikuwa yamegeuka kijani. Si kijani cha majani. Kijani kingine, kama koo la njiwa. Nimeokota moja, likaniacha na rangi kwenye kidole.

Bibi anasema hapa palikuwa na taa za umeme wakati Mbinga nzima ni giza. Watu walitoka Ungoni, Unyasa, Ubena, hata Nyasaland yenyewe. Kila mlango lugha yake, na Kiswahili kikawa cha kuombana chumvi. Akina mama wa ziwani walipanda na vikapu vya usipa, na walioolewa huku waliwaanika tena juu ya mabati. Mashine ilinguruma usiku na mchana. Watoto wa Kampi walizaliwa ndani ya mngurumo huo. Siku ilipozimwa, Bibi alisikia mto. Hakuwahi kuusikia. Alidhani umeanza siku hiyo.

Nilisimama pale nikausikiliza. Bado unasema.

Nimerudi bila kuni. Mama ameniuliza mara mbili.

Jumanne, 11 Machi

Baba mdogo amefyeka tambarare yote. Anajua kazi. Nyengo yake ya kufyekea inakata chini kabisa na nyasi zinalala upande mmoja. Amesafisha vizuri hata yale mawe meupe yaliyokuwa chini ya kila msalaba, yale tuliyoyapaka chokaa. Yalikuwa yamebaki baada ya misalaba kuondolewa. Nilikuwa nayategemea. Nilidhani nitamwonyesha tu, hili hapa la saba. Ameyatupa yote korongoni ili majembe yasiumie.

Nilikuwa nimesimama na chakula chake cha mchana mikononi. Nilikuwa nimejiandaa. Maneno yote niliyapanga njiani. Akanishukuru, akasema maharage ya mwaka huu yatanisomesha hata mimi. Nikasema asante Baba mdogo. Nikakusanya sahani nikaondoka.

Najichukia leo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia Mama habari za Fidea na misalaba, naye amemwambia Baba mdogo. Kwa hiyo sasa wanajua. Lakini haikusaidia. Baba mdogo aliguswa, nilimwona. Akasema, vizuri, nionyesheni hapo mahali, nitapaacha. Nani atamwonyesha? Tambarare ni kubwa, imenyolewa, haina alama, na kituo cha saba kila mtu anakikumbuka mahali tofauti. Bibi macho yake yana ukungu. Anamwona mtu kama kivuli. Baba mdogo akasema hawezi kuacha shamba zima kwa ajili ya mahali pasipojulikana. Sikuona ubaya ndani yake. Hilo ndilo linalouma.

Wiki ijayo wanawake wanachimba. Mama mdogo Eme ameshawaalika. Mama atakuwemo. Mimi nitakuwemo.

Jioni nilimpaka Bibi mafuta miguuni. Nikamuuliza mlango wao ulitazama wapi. Alivuta mguu mmoja, akanipa wa pili. Halafu akasema: ziwani. Ukikaa kizingitini kwetu, ziwa linakaa kati ya vilima viwili kama jembe. Bapa la jembe, mpini juu. Mpini ni ule mto upande wa pili unaong'aa jua likiwa linashuka. Kwa jirani halikai hivyo. Kwa jirani kilima kinakata bapa. Kwa jirani mwingine mpini unatoweka. Watoto walikuwa wanagombana ziwa la nani zuri.

Kila mlango na ziwa lake.

Nimeandika hii mara mbili kwenye karatasi nyingine kwa kuogopa kusahau. Mawe yanaweza kutupwa korongoni. Ziwa Nyasa nani atalitupa?

Ijumaa, 14 Machi

Nimepanda Kampi mapema kabla ya Njia ya Msalaba. Mawingu. Hakuna ziwa. Hakuna hata vilima. Nilisimama ndani ya wingu kama niko ndani ya maziwa.

Jumamosi, 15 Machi

Mawingu.

Jumapili, 16 Machi

Mawingu. Mvua wakati wa misa, Katekista alisoma tangazo hakuna aliyesikia. Kikohozi cha Bibi kimezidi. Nimesali sala ya kitoto kabisa. Nimesema, fungua.

Jumatatu, 17 Machi

Nyasi zimekauka kiasi cha kutosha na Baba mdogo ameanza kuzipanga. Mistari ya kushuka, mistari ya kukata, miraba mitupu. Ni kazi ya wanaume. Sisi tunakuja baadaye, tunachimba udongo katikati ya mraba na kufunika nyasi, shimo linabaki, maji ya mvua yanakaa humo badala ya kubeba mlima. Nilipokuwa mdogo nilidhani milima yote duniani ina mashimo kama yetu. Mwalimu wa jiografia, aliyetoka Mwanza, aliyaona mara ya kwanza akasimamisha gari akapiga picha. Tulimcheka.

Leo sikuona uzuri wake. Niliona mji unavikwa wavu.

Wanachimba Ijumaa asubuhi.

Jumanne, 18 Machi

Limefunguka.

Saa kumi jioni upepo ulitoka ziwani ukasukuma mawingu yote nyuma ya mlima. Nilikuwa napeta mahindi. Niliacha ungo palepale. Nilikimbia.

Ziwa lote. Sijawahi kuliona hivyo. Lilikuwa halina mwisho, na jua limelalia juu yake, na milima ya ng'ambo imesimama kama imechorwa kwa mkaa. Nilisahau nimefuata nini. Halafu nikaanza kutembea na kukaa, kutembea na kukaa. Hapa kilima kinakata bapa. Hapa hakuna mpini. Hapa bapa limekuwa pana, si jembe, ni sinia. Nilikuwa nachuchumaa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kama Mama mdogo Eme angeniona.

Nikasogea juu kidogo, nikakaa.

Likakaa.

Bapa kati ya vilima viwili, pande zote sawa. Na ule mto wa ng'ambo uking'aa, mwembamba, mrefu, mpini kabisa. Nilisogeza kichwa kushoto, likaharibika. Nikarudi, likakaa. Bibi alikuwa mtoto akaona hili. Mama yake akiwa na Fidea mapajani aliona hili. Waliondoka wote na ziwa likaendelea kumngoja mtu akae mahali pale.

Nikasogeza nyasi za Baba mdogo. Nikachimba kwa vidole. Udongo laini, mizizi, halafu kitu kigumu. Saruji. Ilikuwa nyekundu, ile sakafu ya kusuguliwa kwa rangi, na ukingoni imelika katikati, imeinama, kwa miguu ya watu waliokuwa wakitoka na kuingia.

Niliweka mguu wangu hapo. Ulienea.

Jumatano, 19 Machi. Mtakatifu Yosefu

Leo wanaume wote misani, halafu kwenye pombe, kwa kuwa msimamizi wa jumuiya yao ni Yosefu. Hakuna aliyekwenda shamba. Nilijua.

Nilifikiri: nikimwambia Baba mdogo, nitasema asante tena na kukusanya sahani. Najifahamu. Kwa hiyo sikupanga maneno.

Nimefuata msingi kwa mti uliochongwa. Unachoma, ukigonga jiwe unajua ukuta uko hapo. Ukuta wa mbele. Kona. Ukuta wa pembeni. Chumba, chumba kingine, kijumba kidogo nyuma: jikoni. Kisha nikachukua nyasi za Baba mdogo kutoka kwenye miraba yake na kuzilaza juu ya kuta. Kazi ya wanaume. Sijawahi kuona msichana akiifanya. Mistari yangu imepinda, mafungu mengine manene mengine membamba. Lakini mlango nimeuacha wazi. Na nyuma ya jikoni nimeacha mahali bila kitu chochote.

Nimemharibia shamba. Sijamwambia mtu, hata Bibi.

Alhamisi, 20 Machi

Nilimsikia kabla sijafika. Alikuwa anauliza peke yake, kwa sauti ya mtu mwenye kichwa kinachouma, ni nani mwenye akili hizi aliyemchorea nyumba kwenye ngoro yake. Alidhani ni vijana walevi. Alikuwa ameanza kuokota nyasi ili arudishe mistari. Ukuta wa pembeni ulikuwa umeshatoka nusu.

Nilikuwa nimemletea uji. Niliuweka chini. Niliingia kwa mlango, si kwa kuruka mstari, kwa mlango, na kusimama ndani ya chumba. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Akaniangalia.

"Ni mimi, Baba mdogo," nikasema. "Hapa ndipo alipozaliwa mama yako."

Mkono wake ulibaki na nyasi. Nilisubiri anigombeze. Akauliza nimejuaje. Sikuweza kusema tena, maneno yalikuwa yamekwisha, basi nikamwonyesha kwa kidole akae kizingitini. Mtu mzima, na gamboti zina matope hadi magotini, akakaa. Nikaonyesha ziwa. Alilitazama muda mrefu. Nilimwona akisogeza kichwa kushoto, kulia, kama nilivyofanya mimi.

Amesema tu, "Mama alikuwa ananiimbia habari ya jembe la maji. Nilidhani ni wimbo."

Akashika nyasi alizookota akazirudisha juu ya ukuta. Alizinyoosha. Mstari wake ulikuwa mzuri kuliko wangu mara mia. Kisha akanywa uji.

Ijumaa, 21 Machi

Nitajaribu kuandika yote ingawa nimechoka.

Jana jioni tulimwambia Bibi, na leo alikataa machela. Alikataa pikipiki. Amepanda kwa miguu, mkono mmoja kwangu, mmoja kwa Baba mdogo, akisimama kukohoa. Wanawake walikuwa wameshafika na majembe, wamesimama pembeni ya miraba, hawajui waanze au wasianze. Mama mdogo Eme akaanza kumtania mumewe kwamba amewaita kuchimba au kuwaonyesha ramani. Walicheka. Bibi alipotokea wote wakamwamkia. Shikamoo zikapanda kama kuku wameamshwa.

Nilimfikisha kizingitini. Akavua kandambili. Akapapasa kwa unyayo, polepole, mpaka akapata pale palipolika. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Akazunguka nyumba kwa mkono ukigusa hewa kana kwamba ukuta upo, akapita jikoni, akafika nyuma, na hapo akapiga magoti bila kuambiwa ni hapo. Akaweka kiganja chini.

Katekista alikuwa amekuja mbio kutoka kigangoni. Nadhani Mama ndiye alimwita. Akasema kwa unyonge kwamba wao walihamisha misalaba kwa ajili ya wazee, kwa ajili ya magoti yao.

Bibi hakugeuka. "Nani alikwambia magoti yananiuma?"

Hata Katekista alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Halafu Bibi akaanza. Kituo cha saba, Yesu anaanguka mara ya pili. Peke yake, sauti ndogo. Tunakuabudu Ee Kristo na tunakushukuru. Nikasikia majembe yakilazwa chini, moja, jingine, jingine. Wanawake wakaitikia. Katikati ya shamba, asubuhi, bila msalaba, bila kitabu. Upepo ulikuwa unatoka ziwani na mto unasema chini. Nilihisi Kampi nzima iko nyuma yetu imesimama milangoni. Siwezi kueleza zaidi ya hapo na sitaki.

Hawakuchimba tambarare. Walishuka mteremkoni wakachimba huko hadi mchana. Na mimi nilichimba. Mama amesema leo sikuwa mzito.

Jumamosi, 22 Machi

Baba mdogo anasema kwa kweli tambarare haifai kwa ngoro, maji yatatuama, ngoro inataka mteremko, kila mtu anajua. Mama mdogo Eme akamuuliza mbona alijua leo. Akasema alikuwa anapima tu.

Nyasi za tambarare zilikuwa bado zimepangwa miraba. Akaniambia nichukue ule mti wangu. Nilikuwa nachoma, nasema ukuta, yeye analaza nyasi. Sikuwa na haja ya kusema neno jingine kutwa nzima. Wanaume wengine walikuja kuangalia, wakaishia kufanya kazi. Mmoja akakumbuka baba yake aliitaja nyumba ya mpishi karibu na tangi la maji. Tukachoma hapo. Ipo. Mwingine akatafuta kwa babu yake, Mnyasa aliyeshuka pwani akafia huko. Ipo. Alisimama ndani yake mikono kiunoni kama mwenye nyumba.

Nyingine hatukujua ni za nani. Tulizilaza hivyohivyo.

Jioni nilipanda juu ya kichuguu cha mchanga wa kijivu nikageuka.

Mji. Mtaa mmoja mrefu, mwingine unaukata, nyumba pande zote mbili, zote zimeacha mlango wazi upande wa ziwa. Umechorwa kwa nyasi, rangi ya dhahabu kwenye ardhi nyeusi. Jua lilikuwa limelala na kila mstari una kivuli chake, kwa hiyo kuta zilionekana zina kimo. Chini yake ngoro za mteremko, mraba kwa mraba, hadi bondeni. Mkono uleule umechora vyote. Sijui nilisimama muda gani. Nilisahau kufunga mdomo, mdudu akaingia.

Wameamua misalaba irudi kabla ya Ijumaa ijayo. Baba mdogo ataibeba, kama alivyoishusha.

Ijumaa, 28 Machi

Njia ya Msalaba Kampi. Watu wengi kuliko kawaida, hata Waislamu wawili wa ofisi ya kata waliosikia habari wakaja kuona. Katekista alisema kabla ya kila kituo jina la aliyekaa pale, kama linajulikana. Kama halijulikani alisema, mlango wa mtu. Cha saba akasema, Fidea. Kwa sauti. Mbele ya watu wote. Bibi aliinamisha kichwa upande, kama anavyofanya reli ikigongwa.

Jumapili, 6 Aprili

Maharage yameota mteremkoni, majani mawilimawili. Mvua ya juzi imelaza nyasi za tambarare, zimeanza kuwa nyeusi, na nyasi mpya inachungulia katikati ya vyumba. Baba mdogo anasema tutazilaza upya kila mwaka baada ya kufyeka. Labda. Nimechora nyumba zote kwenye karatasi nne nikaziunga kwa uji wa mhogo. Majina ya wanaokwenda kidato cha tano bado hayajatoka. Sina haraka.

Mchana Bibi aliomba nimpeleke. Tukaenda polepole. Akakaa kizingitini, mimi pembeni yake, bega kwa bega, saruji ilikuwa na joto. Akauliza nimgeuze uso vizuri. Nikamgeuza.

"Limekaa?"

Nililitazama kwa muda, kwa ajili yetu wote wawili.

"Limekaa, Bibi."

Tukabaki hapo mpaka mpini ulipozimika.